Sura ya Sita: Bonde Lililolindwa na Mafuriko

Kati ya Kariakoo na Magomeni kuna bonde la Jangwani, sehemu ya chini ya Mto Msimbazi, ambalo mipango ya jiji la Dar es Salaam imelihesabu kwa miongo mingi kuwa eneo la wazi na eneo hatarishi. Maana yake kwa afisa mipango miji ni moja: hapa hapajengwi. Lakini mtu akiuliza ardhi ile ina uwezo gani, udongo wake una kina kiasi gani, unashika maji vipi, unaweza kutoa nini kwa mwaka, mchoro wa mipango miji hauna jibu, kwa sababu swali hilo halikuwahi kuulizwa. Hoja ya sura hii inaanzia hapo. Dar es Salaam imebaki na mashamba machache ya mboga karibu kabisa na soko lake kuu, la Kariakoo, na imebaki nayo kwa bahati tu. Aliyeyalinda ni mafuriko. Wapanga miji waliogopa maji, wakaacha bonde, na mkulima akalima pale ambapo wengine waliogopa kujenga. Sasa uhandisi unakaribia kuyaondoa maji, na hayo yakiondoka, ardhi hiyo haitakuwa na mlinzi mwingine, maana hakuna hati wala ramani inayosema kuwa ni ardhi nzuri.

Nchi nyingine zimekwisha kulishughulikia swali hili, na inafaa kuona zilivyofanya kabla ya kurudi Msimbazi. Uingereza, iliyopimwa matumizi ya ardhi yake kata kwa kata miaka ya 1930 chini ya mwanajiografia Dudley Stamp, ilianzisha mwaka 1966 mfumo wa kupanga ardhi ya kilimo katika madaraja matano, na mwaka 1988 ikaupitia upya. Daraja la kwanza ni ardhi bora kabisa, la tano ni ardhi duni, na la tatu limegawanywa mara mbili, kwa kuwa mpaka kati ya ardhi ya kulindwa na ardhi ya kawaida unapita katikati yake. Wanaopima hutazama hali ya hewa, mteremko, hatari ya mafuriko, kina cha udongo, mawe, unyevu na chumvichumvi. Hawatazami nani analima wala analima nini leo. Wanauliza ardhi yenyewe inaweza kufanya nini. Mfumo huo haukatazi ujenzi. Unachofanya ni kumlazimisha mwenye kutoa kibali ajue anachokitoa, na aeleze kwa nini asipeleke nyumba kwenye ardhi duni ikiwa ipo. Jimbo la British Columbia nchini Kanada lilikwenda mbali zaidi: mwaka 1973 liliitenga ardhi yake ya kilimo kisheria, na anayetaka kuitumia vingine hana budi kuomba ruhusa kwa tume maalumu.

Tanzania haina upungufu wa utaalamu wa udongo. Kituo cha utafiti cha Mlingano, mkoani Tanga, kimefanya kazi ya kupima na kuchora udongo wa nchi kwa miaka mingi, na ramani ya kanda za kilimo iliyotolewa mwaka 1984 bado inatajwa na wataalamu. Tume ya Taifa ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi nayo ipo tangu miaka hiyo hiyo ya 1980. Tatizo ni mahali elimu hiyo inapoishia. Vijijini, mpango wa matumizi ya ardhi hutenga eneo la kilimo, la malisho na la makazi, na mtaalamu wa kilimo hukaa meza moja na mpimaji. Kijiji kikishatangazwa kuwa mji, mtaalamu wa udongo anaondoka kwenye meza hiyo. Kuanzia siku hiyo ardhi inatajwa kwa ujazo wa viwanja, kwa upana wa barabara na kwa matumizi ya jengo, kana kwamba tangazo la serikali limebadilisha pia kilichomo ardhini.

Historia ya Kariakoo yenyewe inaonyesha kwamba mambo yangeweza kufanyika kwa akili zaidi, hata bila kukusudia. Kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, sehemu kubwa ya eneo lililo magharibi ya Mnazi Mmoja ilikuwa shamba la minazi la Mjerumani aliyeitwa Schoeller, ambalo serikali ya kikoloni ililichukua ili kuwaweka Waafrika mbali na Uzunguni na Uhindini. Waingereza wakaja kukamilisha mitaa iliyonyooka tunayoijua, na nyumba za Kiswahili zenye ua zikapangwa juu ya mchanga. Nia ya ubaguzi haihitaji kutetewa. Lakini kwa upande wa udongo, uamuzi huo haukuwa na hasara kubwa: mchanga wa tambarare ile hupitisha maji haraka, haushiki rutuba, na mnazi ni kati ya mazao machache yanayouvumilia. Nyumba ikikaa hapo inakaa pakavu. Udongo mzito mweusi ulikuwa chini zaidi, bondeni, mahali ambapo Msimbazi umekuwa ukishusha tope kutoka vilima vya Pugu kwa muda mrefu kuliko umri wa jiji.

Mipango mikuu mitatu ikafuata, wa 1949 ulioandaliwa na kampuni ya Sir Alexander Gibb, na ya 1968 na 1979 iliyoandaliwa na makampuni ya Kanada. Kwa jumla mipango hiyo ililiacha bonde bila majengo, na mtu anaweza kusema basi kazi imefanyika. Haikufanyika. Kuacha ardhi kwa sababu ni hatari ni tofauti na kuitunza kwa sababu ni nzuri, na tofauti hiyo hujitokeza siku shinikizo linapokuja. Kilichoachwa kwa hatari kinaonekana ni mabaki, na mabaki ni ya yeyote: huyu atamwaga taka, yule atajenga chumba kimoja wakati wa kiangazi, na serikali nayo, ikitafuta mahali pa mradi usio na fidia kubwa, itatazama huko kwanza. Ndivyo karakana ya mabasi yaendayo haraka ilivyowekwa Jangwani, katikati ya njia ya maji. Mabasi yalianza kazi mwaka 2016, na masika yaliyofuata yakaonyesha mara kwa mara karakana ikiwa imezama. Watu wa mitaa ya Jangwani na Twiga, yalipo makao makuu ya klabu ya Yanga, hawakuhitaji kuambiwa na mtaalamu kuwa maji yatarudi pale.

Sheria zetu zinafuata mkondo ule ule wa mawazo. Kanuni za kilimo cha mijini za mwaka 1992, zilizotungwa chini ya sheria ya zamani ya mipango miji, ziliweka kikomo cha ekari tatu kwa mtu mmoja anayelima ndani ya mji. Zilipima ekari, hazikupima udongo. Ekari tatu za mchanga wa Sinza na ekari tatu za tope la Kigogo zilikuwa sawa mbele yake. Sheria ya Ardhi ya 1999, katika kifungu cha 7, inaorodhesha ardhi hatarishi: mikoko, maeneo oevu, miteremko mikali, ardhi iliyo ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inazirudia mita 60 hizo. Zote ni sheria za maana na zimeokoa mengi. Ila hakuna hata moja inayompa afisa mipango miji neno la kuandika anapokutana na kipande cha ardhi ya mjini ambacho thamani yake kubwa ni kuzaa.

Kuzaa huko si jambo la kubahatisha. Chukua tuta moja la mchicha bondeni. Mkulima analitifua kwa jembe la mkono, anachanganya mbolea ya kuku, anamwaga mbegu kwa kutawanya, kisha anamwagilia asubuhi na jioni kwa keni mbili anazochota kwenye shimo lililochimbwa pembeni, ambalo maji yake hayako mbali na uso wa ardhi hata kiangazi. Baada ya wiki tatu hadi nne mchuuzi anakuja, anapatana bei ya tuta zima likiwa bado limesimama, anang'oa mwenyewe, anafunga mafungu, anaosha mizizi na kuondoka. Tuta linatifuliwa tena. Ardhi inayoweza kurudia mzunguko huo mara kumi au zaidi kwa mwaka, katika jiji lenye misimu miwili ya mvua na joto la kudumu, iko katika kundi la pekee. Kule juu kwenye mchanga mkulima yule yule angemwagilia mara tatu kwa siku na maji yangezama, mbolea ikizama nayo. Katika miaka ya 1990, Wizara ya Kilimo na shirika la Ujerumani la GTZ walipokuwa wakiendesha mradi wa kuendeleza mboga mijini, ilikadiriwa kwamba karibu asilimia 90 ya mboga za majani zilizofika kwenye masoko ya Dar es Salaam zilitoka ndani ya jiji lenyewe, katika maeneo ya wazi na bustani za majumbani. Jiji limekua sana tangu hapo, na sensa ya 2022 ilihesabu watu milioni 5.38. Hata ikiwa sehemu hiyo imepungua, sababu iliyoileta haijabadilika: mchicha, matembele na chainizi vinanyauka kabla ya jua kutua.

Hapa kuna pingamizi la kwanza, na ni zito. Kariakoo haili kutoka Jangwani. Vitunguu vinatoka Mang'ola, nyanya Ilula, viazi nyanda za juu kusini, kabichi Lushoto, machungwa Muheza. Soko lililobuniwa na msanifu Beda Amuli na kufunguliwa mwaka 1975, lenye miavuli mikubwa ya zege na shimo la kushushia mizigo chini ya ardhi, lilijengwa kwa ajili ya malori yanayotoka mbali. Kwa nini basi jiji lihangaike na vipande vya ardhi ambavyo havingelisha hata wilaya moja kwa wali na maharage? Pingamizi hili lina ukweli wote kuhusu vyakula vinavyokaa, na halina hata chembe kuhusu vile visivyokaa. Gunia la viazi linavumilia siku mbili barabarani. Fungu la mchicha halivumilii, isipokuwa kwa gari la baridi, na gari la baridi linaliongezea bei ambayo mama wa Buguruni hawezi kuilipa. Mboga ya majani ndiyo kitoweo cha rahisi kuliko vyote jijini, na mara nyingi ndicho chakula pekee chenye vitamini kwenye sahani ya ugali. Hapo ndipo mfumo wa Uingereza hautufai ulivyo. Wao hawahesabu umbali kutoka sokoni wanapopanga daraja, kwa kuwa wanapima ngano na viazi katika nchi ya maghala. Sisi tukipima ubora wa ardhi ya mboga bila kuhesabu saa kati ya tuta na meza ya muuzaji, tutakuwa tumepima nusu yake tu.

Pingamizi la pili linatoka kwa watu wa fedha: ardhi iliyo karibu na katikati ya jiji ni ghali mno kuachiwa mchicha. Kiwanja cha Kariakoo kinauzwa kwa mamilioni mengi, na kila mita iliyobaki bila jengo ni hasara. Ni kweli kwa Kariakoo. Lakini bei hiyo inapimwa kwa uwezo wa kujengeka, na kwa ardhi isiyojengeka haina la kusema. Mfumo wetu wa fidia umeishi na kasoro hii kwa muda mrefu. Sheria ya Utwaaji Ardhi ya 1967 ilishikilia kuwa ardhi tupu hailipiwi. Mwenye shamba alilipwa mnazi wake, mkorosho wake na banda lake. Sheria ya 1999 ilikuja kukiri kwamba maslahi katika ardhi yana thamani, na kwamba fidia iwe kamili, ya haki na ya haraka. Hiyo ilikuwa hatua kubwa. Hata hivyo mthamini anayetafuta bei ya soko ataitafuta kwa kulinganisha na viwanja vilivyouzwa jirani, na wanunuzi wa viwanja hivyo hawakuuliza udongo. Shamba zuri na shamba baya kando ya barabara moja yatapata bei moja. Soko la ardhi la mjini halioni rutuba, na kitu kisichoonekana sokoni kinahitaji kuonekana mahali pengine, yaani kwenye mpango.

Gharama ya kutokuiona ilijitokeza zaidi pembezoni kuliko katikati. Kati ya 2002 na 2006 serikali ilipima viwanja zaidi ya 20,000 kwenye viunga vya jiji, Bunju, Mbweni, Tuangoma, Kibada, Buyuni na kwingineko. Mradi ule ulikuwa na sifa zake: watu walipata viwanja halali, barabara zilitengwa, na fedha zikarudi. Lakini ulikula mashamba ya minazi, mikorosho na miembe pamoja na mabonde ya mboga, bila kutofautisha. Viwango vya mipango miji vya wakati huo viliruhusu kiwanja cha ujazo mdogo kifike mita za mraba 4,000, karibu ekari nzima kwa familia moja. Wakati huohuo Kariakoo ilikuwa ikipanda juu, nyumba za Kiswahili zikitoa nafasi kwa maghorofa ya duka chini na makazi juu. Maghorofa hayo yamelaumiwa, na baadhi yamestahili lawama kwa ubovu wa ujenzi na msongamano. Hata hivyo kwa jambo tunalozungumza yanatenda wema ambao haujahesabiwa. Familia kumi zikiishi juu ya kiwanja kimoja cha mchanga Mtaa wa Aggrey, kuna viwanja tisa visivyohitajika Tuangoma. Kwa hiyo uamuzi kuhusu idadi ya ghorofa mjini ni uamuzi kuhusu mashamba ya viungani, na ningependa kuona maafisa wanaoidhinisha mipango ya kuendeleza upya Kariakoo, Ilala na Magomeni wakilifikiria hilo waziwazi. Ardhi iliyokwisha kufunikwa na zege, tena ya mchanga, ndiyo inayopaswa kubeba watu wengi kadiri mabomba ya maji na mifereji inavyomudu.

Pingamizi la tatu ndilo linalonisumbua kuliko yote, na haliwezi kujibiwa kwa aya moja. Wanasema: bonde la Msimbazi limechafuka, mboga yake ni sumu, na anayetetea kilimo pale anatetea ugonjwa. Ushahidi upo. Mwaka 1999 wanasayansi Bahemuka na Mubofu walichapisha matokeo ya kupima mboga zilizolimwa kando ya mito ya Sinza na Msimbazi, wakitafuta kadimiamu, shaba, risasi na zinki, na walikuta metali nzito kwenye majani, baadhi kwa viwango vya kutia wasiwasi. Tafiti za baadaye za udongo na maji ya jiji zimekuwa na mwelekeo huo. Vyanzo vinajulikana: viwanda vya ukanda wa Ubungo na Barabara ya Pugu, machinjio na mabwawa ya majitaka ya Vingunguti, gereji, na dampo la zamani la Tabata. Metali iliyopita kwenye mzizi haiondoki kwa kuosha, hata ukiosha mara tatu kwa maji ya bomba. Mtu anayesema vinginevyo anawadanganya walaji.

Lakini angalia uchafu huo unathibitisha nini. Ardhi hiyo haikuumbwa na risasi ndani yake. Ilichafuliwa kwa sababu kila mwenye taka aliiona haina thamani, na hakuna aliyeulizwa amepoteza nini. Ardhi ingekuwa na daraja lililoandikwa, kiwanda kilichomwaga rangi za vitambaa mtoni kingekuwa kimeharibu mali inayotambulika. Tunajua kwamba mahakama zetu zinaweza kusikiliza hoja ya namna hiyo. Wakazi wa Tabata, wakiongozwa na Joseph Kessy, walikwenda Mahakama Kuu mwaka 1988 kulishitaki Halmashauri ya Jiji kwa moshi na harufu ya dampo, na walishinda. Jaji Lugakingira akakataa ombi la jiji la kuendelea kumwaga taka pale, akieleza kuwa haki ya kuishi haiwezi kutenganishwa na mazingira yanayomwezesha mtu kuishi. Hukumu hiyo iliwalinda wakazi. Matuta yaliyokuwa upande wa chini wa mto hayakuwa na mlalamikaji.

Tena uchafuzi hauko sawa kila mahali wala kwa kila zao. Kadimiamu hupanda kwenye majani kwa urahisi kuliko kwenye tunda au punje, na udongo wenye uchachu huiachilia zaidi kuliko udongo uliotiwa chokaa na samadi. Maji ya shimo yaliyochujwa na ardhi si sawa na maji yanayochotwa moja kwa moja mtoni chini ya bomba la kiwanda. Kuna vipande ambavyo mchicha haufai kabisa lakini miti, majani ya ng'ombe au maua yanafaa. Kuna vipande vya bamia. Na bila shaka vipo ambavyo ni salama kwa mboga yoyote, ambavyo wakulima wake wanabeba lawama ya jirani zao. Wakazi wa Havana, Cuba, walipobanwa na njaa miaka ya 1990, walilima mboga kwenye matuta yaliyoinuliwa na kujazwa mboji pale ambapo udongo wa chini haukuaminika. Yote hayo ni maamuzi yanayowezekana kwa anayejua kipande kipi kina nini. Kutopima kunatufanya tuchague kati ya kula bila kujua na kufukuza bila kujua, na kwa hakika jiji limefanya yote mawili. Aliyeshawishika na hoja ya sumu anapaswa kuwa wa kwanza kudai ramani ya ubora wa ardhi, kwa kuwa usafi ni sehemu ya ubora.

Wapo pia wanaosema kilimo cha bondeni kinaleta mbu. Kwao jibu ni fupi. Mbu wa malaria huzaliana kwenye maji yaliyotuama juani, na mashimo ya kumwagilia yanaweza kuwa miongoni mwake. Yanashughulikiwa kwa dawa ya viluwiluwi na kwa kuyapanga vizuri, kama inavyofanywa kwa mifereji iliyoziba ambayo hakuna anayependekeza ifutwe pamoja na barabara zake.

Linalobana kwa sasa ni mradi wa kuzuia mafuriko ya bonde lenyewe. Mafuriko ya Desemba 2011 yaliua zaidi ya watu 40 jijini, na mamia ya kaya za bondeni zikapelekwa Mabwepande, pembezoni mwa jiji. Mengine yakafuata. Mwaka 2022 Benki ya Dunia iliidhinisha mkopo wa dola milioni 200 kwa ajili ya bonde la Msimbazi, Hispania na Uholanzi zikachangia, na kazi ikakabidhiwa wakala wa barabara za vijijini na mijini, TARURA, chini ya wizara ya tawala za mikoa na serikali za mitaa, TAMISEMI. Mpango ni mto uchimbwe na kupanuliwa, daraja jipya refu lijengwe Jangwani, karakana ya mabasi ihame, wakazi wa maeneo ya hatari walipwe na kuondoka, katikati pawe na bustani kubwa ya jiji, na kingo ziinuliwe kwa kifusi ili zipate kujengwa. Ni mradi unaohitajika. Watu wasife kila masika. Ila fikiria unachofanya kwa ulinzi ule wa bahati niliouanza nao. Ukingo ukishainuliwa juu ya maji, unatoka katika kundi la ardhi hatarishi, na kwa sheria zetu ardhi isiyo hatarishi katikati ya Dar es Salaam ni kiwanja kinachosubiri mwekezaji. Udongo wa juu, uliojengwa na tope la karne nyingi, utakuwa umefunikwa na mchanga uliochimbwa mtoni, tena mchanga ambao unaweza kuwa na metali zile zile.

Sidai kwamba bonde zima ni ardhi ya daraja la kwanza. Karibu na Daraja la Salenda bahari inaingia na mikoko inaota. Chumvi pale haimwachii mtu mchicha. Vipo vipande vya changarawe, na vipo vilivyozikwa chini ya taka za ujenzi ambavyo haviwezi kurudi. Kwa kipimo cha Uingereza mafuriko peke yake yangeshusha daraja la sehemu kubwa, na ni haki yashushe, kwa sababu tuta lililozolewa na maji halikulishi. Lakini kama mradi utapunguza mafuriko, daraja la vipande hivyo litapanda siku hiyo hiyo vinapoanza kutamaniwa kwa ujenzi. Ndiyo maana upimaji unapaswa kutangulia mitambo. Kazi hiyo si kubwa kwa taifa linalojenga reli ya kisasa: shimo la kuchukulia sampuli kwa kila hekta chache, kina cha udongo, uchachu, chumvi, risasi na kadimiamu, kimo cha maji kiangazi na masika. Mlingano ina wataalamu, Chuo Kikuu cha Ardhi kina wanafunzi wa kutosha, na wakulima wa Kigogo na Jangwani wanaweza kuonyesha kwa vidole ni wapi jembe linazama na ni wapi linagonga.

Kuna watakaosema masikini wanahitaji nyumba kabla ya bustani. Wanazihitaji, na wengi wao ndio hao hao wanaolima, au wanaouza mafungu ya mboga kwenye vichochoro vya Tandale. Kuwanyima matuta hakuwapi nyumba. Nyumba zitakazojengwa kwenye kingo zilizoinuliwa, kwa bei ya ardhi iliyo hatua chache kutoka Kariakoo, hazitakuwa zao. Kinachoweza kuwa chao ni sehemu ya bustani ya jiji. Bustani za umma hupandwa nyasi kwa mazoea, nyasi zinazomwagiliwa na kukatwa kwa gharama ya halmashauri. Vipande vitakavyopimwa na kuonekana ni salama na vizuri vinaweza kukodishwa kwa vikundi vya wakulima vilivyosajiliwa, kwa mkataba wa miaka mitano au kumi badala ya ruhusa ya mdomo ya mtendaji wa mtaa, huku maji yakipimwa kila mwaka na matokeo yakibandikwa mahali wachuuzi wanaponunulia. Mkulima mwenye miaka kumi mbele yake atatia samadi na chokaa, atachimba shimo lenye kingo, atapanda mti wa kuzuia mmomonyoko. Asiyejua kama atafika masika yajayo atamwaga mbegu na mbolea ya dukani, avune, aondoke. Muda wa mkataba unaingia kwenye udongo wenyewe, na kwa hiyo unapaswa kuandikwa kwenye mchoro ule ule unaotaja kina chake na uchachu wake, kabla mchoro huo haujapelekwa kwa waziri kuidhinishwa.